Kamba ya Dhiraa Kumi

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitika kama mliofiwa? Ngojeni kwanza, sababu ya kulia inakuja.

Hapo zamani za kale wanyama walikuwa na shule yao, na mwalimu wao alikuwa Bi Ngedere. Somo alilolipenda ni kupima.

"Dhiraa ni nini?" aliuliza kila asubuhi.

"Toka kiwiko mpaka ncha ya kidole!" waliitika watoto, kila mmoja kanyanyua mkono wake. Bi Ngedere alifurahi, maana jibu lilikuwa sahihi.

Mwaka huo mvua ilikata. Nyani akachimba kisima, akakipima kwa mkono wake mrefu. "Kina chake dhiraa kumi, Mwalimu. Tafuteni kamba."

Bi Ngedere akawapa watoto kazi hiyo. Wakasuka ukindu, wakaupima kwa vijikono vyao, wakahesabu mpaka kumi. Naye akahesabu pamoja nao, akawasifu. Yeye mwenyewe hakupima. Jamani, hakupima.

Siku ya kwanza ya kuteka maji, Pimbi Mdogo, mmoja wa wanafunzi hao, akainama kuchungulia, akateleza, chubwi! Kuta zilikuwa za udongo wa mfinyanzi, hazikwei mtu. Nyani akashika kamba, Bi Ngedere akashuka nayo mbiombio hadi mwisho wake. Akaning'inia kwa mguu, akanyoosha mkono. Haukufika.

"Mwalimu, shuka kidogo," akasema Pimbi Mdogo.

"Kamba imeisha, mwanangu. Piga maji, usiache."

Huko juu watoto wakakimbilia mitambaazi, mimea ya kutambaa, waiunge kwenye kamba. Yote ilikuwa mikavu, ikakatika.

"Mwalimu, shuka kidogo."

"Nanyoosha, mwanangu. Nanyoosha."

"Mwalimu, shuka..."

Basi. Maji yakatulia, na Bi Ngedere akabaki kaning'inia, mkono wazi, mpaka Nyani alipomvuta.

Mama Pimbi alikuwa amekaa ukingoni.

"Mwalimu, kamba ilipungua kiasi gani?"

"Dhiraa nne, mama."

"Za nani?"

Bi Ngedere akautazama mkono wake, akamtazama Nyani, akawatazama wanafunzi wake waliosimama wakilia.

Na mimi hadithi yangu imekomea hapo, maana hata leo hajajibu.