Sukari Guru Chini ya Merikebu

Paukwa! Mbona mnaitikia kama watu waliolazwa na homa? Paukwa tena! Naam, sasa nimesikia midomo.

Palikuwa na pale, wajukuu zangu, na aliyekuwapo hakuandika, na aliyeandika hakuwapo. Siku hizi mkiwaona askari wa majini, wale wanaozama bila kutoa povu na kuibuka pasipotarajiwa, mnapiga makofi na kusema, lo, mashujaa! Haya, kaeni vizuri niwaambie walikotoka. Hawakutoka kwenye nyumba kubwa. Walitoka chini ya vyombo vya watu, wakinuka mafuta ya papa.

Katika mji wa Mtondoni palikuwa na fundi mmoja jina lake Shangama. Kazi yake ilikuwa kalafati, yaani kushindilia pamba katikati ya mbao za chombo ili maji yasiingie, kisha kupaka mafuta ya papa juu. Mafuta hayo yananuka, enyi watoto! Shangama akipita barazani, watu waliinuka mmoja mmoja, huyu kakumbuka mgonjwa, yule kakumbuka mbuzi wake. Mkewe alikuwa amefariki, na aliyebaki naye ni binti yake Mwanatumu. Huyo ndiye aliyekaa naye, akala naye, akacheka naye, wala hakuziba pua.

Mtondoni ulikuwa na vyombo vya vita kumi na viwili, na mkuu wa vyombo hivyo aliitwa Amiri Fumbwe. Joho lake lilikuwa la dhahabu, upanga wake wa fedha, kilemba chake kirefu kuliko mkia wa jogoo. Kuogelea hajui. Naapa! Amiri wa bahari, hata kuoga aliogea kopo, na kopo lenyewe lisijae.

Basi siku moja ikaingia bandarini merikebu ya maharamia. Moja tu. Ikawakuta mabinti tisa wanaokota chaza ufukweni, ikawachukua wote tisa, na Mwanatumu akiwa mmoja wao. Lakini Mungu si Athumani, merikebu ilipotaka kutoka, maji yalikuwa yamepungua na fungu la mchanga limeziba mlango wa bandari. Ikabidi isubiri maji makuu ya bamvua, siku ya nne.

Shangama alikimbia hadi kwa Jumbe, mtawala wa mji, akapiga magoti.

"Bwana Jumbe, nashika miguu. Mwanangu yumo mle. Siku ya nne wanaondoka, na wakiondoka sitamwona tena."

Jumbe akamgeukia Amiri. "Amiri, unasemaje?"

"Tutawapiga!" akanguruma Amiri. "Tutawasaga kama dawa! Ila mila ni mila. Vyombo vya vita haviondoki mpaka siwa, lile baragumu la enzi, ipulizwe siku saba."

"Bwana Amiri," akasema Shangama, "wao wanaondoka siku ya nne."

"Basi watakuwa wamekosa adabu."

Mnacheka? Shangama hakucheka. Alianza kulia mbele za watu, mtu mzima na mvi zake. Jumbe akaona haya, akaamuru siwa ipulizwe siku moja. Ikapulizwa, ikalia, ikanguruma kutwa nzima, na maharamia kule majini wakakata viuno kwa kuifuata. Mkitaka kumkamata kuku, wajukuu zangu, mnamwimbia kwanza?

Siku ya pili wakubwa wakapanda chombo cha kwanza. Hapo ndipo mkasa. Maana Mtondoni mtu mkubwa hukaa tezi, nyuma, karibu na Amiri, na mtu mdogo hukaa omo, mbele. Na siku hiyo hakuna aliyekuwa mdogo.

"Mimi nikae omo? Mimi, mjukuu wa Mwinyi?"

"Na mimi je, niliyesoma?"

"Sogea wewe, babu yako alikuwa mpika bisi!"

Wakajazana tezi wote, watu thelathini na majoho yao. Omo ikainuka juu kama mbuzi anayechungulia uani, tezi ikazama, na chombo kikalala chini, palepale ufukweni, kwenye maji ya magotini. Amiri Fumbwe akapiga kelele, "Nazama! Nazama!" Mwanamke mmoja aliyekuwa akiosha samaki akamwambia, "Simama, baba." Akasimama. Kule merikebuni maharamia walicheka mpaka wakashikana mabega.

Vyombo kumi na kimoja vilivyobaki havikuondoka. Wakubwa walirudi kwenda kuanika vilemba.

Shangama akawaita mafundi wenzake wanne, wote wa kalafati, wote wananuka. Mkubwa wao alikuwa Mzee Ngwali, masikio mazito, ulimi mwepesi.

"Jamani," akasema Shangama, "miaka thelathini nimeziba matundu ya vyombo vya watu. Kesho nataka kuzibua."

"Ukizibua, mwanao si atazama nacho?" akauliza Mzee Ngwali.

"Nimewaza. Chombo kikivuja, mateka ndio hufunguliwa kamba wafue maji wayamwage nje. Umewahi kumwona nahodha anafua maji mwenyewe? Ila maji yasiingie kwa ghafla. Yaingie sisi tumeshajitenga, na mabinti wameshafunguliwa."

"Uzibe na nini sasa, kitakachoziba kidogo kisha kiache?"

Shangama akainua bonge la sukari guru. Mzee Ngwali akaliangalia, akalilamba, akasema, "Hasara, lakini haki."

Siku ya tatu, adhuhuri, jua la utosi, maharamia wamekula wameshiba wamelala chini ya tanga. Maji yalikuwa yakitoka. Na Mtondoni maji yakitoka huondoka na makumbi ya nazi, yale yaliyofukiwa matopeni ili yalainike yasokotwe kamba. Kila siku huelea makumbi mawili matatu, hakuna anayeyatazama. Siku hiyo yakaelea makumbi mengi kidogo, na chini ya makumbi matano palikuwa na vichwa vitano. Walijipaka mafuta ya papa mwili mzima wasishikwe na baridi, wakazama na patasi kiunoni.

Wakaenda chini ya omo, wakachomoa pamba, wakashindilia sukari guru. Wakaibuka kuvuta pumzi chini ya makumbi, wakazama tena. Wakachomoa, wakashindilia. Wakaibuka, wakazama. Kabla ya kuondoka Shangama aligonga ubao mara tatu, kwa mpini wa patasi, kama agongavyo kila siku kazini. Akangoja. Kifua kinataka kupasuka, anangoja. Ndani ya ngama, mle chini kabisa walimofungwa mabinti, kisigino kikagonga mara tatu.

Akalia hapohapo chini ya maji. Kizuri cha kulia majini, hakuna wa kukuuliza.

Sukari ikayeyuka. Maji yakaingia, kwanza kama mkojo wa paka, kisha kama mfereji.

"Tunavuja!" akapiga yowe nahodha wa maharamia. "Wafungueni wasichana! Fueni maji!"

Wakafunguliwa. Mwanatumu akashika ndoo, akaweka uso wa huruma. "Nahodha, mimi binti fundi. Kwa mlio huu, tundu liko tezi. Hamisheni mizigo yote omo, tezi iinuke, mtapona."

"Kumbe una akili!" akasema nahodha.

Wakahamisha. Mapipa, mizinga, nanga ya akiba, vyote omo, juu ya matundu yenyewe. Merikebu ikainama kama inayosalimia wakwe. Mwanatumu akatupa ndoo, akapiga kelele, "Rukeni!" na mabinti tisa, waliokulia majini, wakaruka na kuogelea hadi kwenye makumbi. Shangama akamshika mwanawe, akamwuliza, "Umekula?" Ndilo neno pekee lililomtoka.

Maharamia, na mavazi yao ya vita ya minyororo yasiyoogeleka, walipanda mlingoti wakakaa wamejipanga kama popo. Na hapo, sikieni, hapo ndipo siwa ilipolia! Amiri Fumbwe akaja na vyombo vyake kumi na kimoja, kifua mbele, akawateremsha mmoja mmoja kama anayechuma mapapai.

Jioni ile palichezwa ngoma, na mshairi akaimba jinsi Amiri alivyoizamisha merikebu kwa pigo moja la upanga. Mafundi waliitwa kwa Jumbe, kwa mlango wa uani, na Mwanatumu akafuatana nao.

"Mmetuokoa," akasema Jumbe, huku ameziba pua kwa leso. "Lakini fikirini. Watu wakijua wameokolewa na wapaka mafuta, sisi tutakaa wapi? Apeni kwamba hamtasema."

Shukrani ya punda ni mateke, mnajua. Mzee Ngwali alitaka kusema neno, Shangama akamzuia.

"Jina lichukueni, Bwana Jumbe. Mimi nilifuata mwanangu, na ninaye."

Lakini Mwanatumu hakuwa kama baba yake. "Tutaapa," akasema. "Na siku nyingine mkituhitaji tutakuja. Ila atakayetuamrisha azame kwanza chini ya merikebu, atokee upande wa pili."

Wote wakamtazama Amiri Fumbwe, aliyesimama kando ya Jumbe. Amiri akatazama viatu vyake.

Basi tangu hapo amri ikawa ya Mwanatumu, na maadui kila walipokuja, mlango wa uani kwa Shangama uligongwa, mafundi wakaenda, merikebu zikazama, na Amiri akaimbiwa. Ndiyo asili ya askari wale wa majini, wajukuu zangu. Na mkiuliza kwa nini hata leo hawatajwi majina, mtaambiwa ni siri ya vita. Si siri ya vita. Ni haya ya wakubwa.

Mafunzo yake? Debe tupu haliachi kuvuma, na anayeliziba tundu ndiye anayelijua. Mkimwona mtu ananuka kazi, msizibe pua. Mwulizeni anajua nini.

Kisa changu nimekitia nanga. Aliyekipenda akichukue, aliyekichukia aogelee.