Njuga ya Mwalimu Kobe

Paukwa!

Mbona mnaitikia kwa pua? Nasema, paukwa! Haya, hiyo ndiyo pakawa.

Kwanza shikeni masikio mniapie: hili halitoki hapa. Mwenzenu niliapishwa nisilitamke, na kweli sijamwambia mtu, isipokuwa Bi Mwanakheri, na wale tuliokuwa nao kisimani. Basi sogeeni.

Hapo zamani za kale wanyama walikuwa na skuli yao. Mwalimu Kobe alifundisha hesabu. Aliwafundisha watoto wa Nyumbu kuhesabiana kila wanapovuka mto, wakawa hawapotezani tena. Sifa zikamfikia Mfalme Simba, naye akampa njuga ya shaba ya kuvaa mguuni, nchi nzima ijue mwalimu bora ni nani.

Aliyefurahi kuliko wote ni mwalimu mwenzake, Kanga. Alifagia uwanja, akachemsha mihogo, akaalika hata wasioalikika. Njuga akapewa yeye aitunze kikapuni, mpaka Twiga, tarishi wa mfalme, aje amvishe Kobe mbele ya watu. Na Twiga alishasema: "Nisipoikuta njuga, heshima narudi nayo kwa mfalme."

Siku ya sherehe Kanga akafunua kikapu. Njuga hamna! Akafunika. Akafunua tena. Hamna!

"Jamani, nimerogwa?"

Huko nje ngoma inalia, Kobe kakaa mkekani, mguu kaunyoosha. Kanga akamkimbilia Ngedere, mwalimu wa kupanda miti, aliyejiinamia pembeni, shavu limemvimba.

"Mwalimu mwenzangu, njuga hujaiona?"

"Mm-mm." Akanyoosha kidole kwenye kichuguu.

Ching'! Kanga akageuka. Hakuna kitu. Akaenda kuchakura kichuguu huku akiimba:

"Njuga, njuga, uko wapi?
Kobe angoja, mguu mtupu!"

Akapata mchwa tu. Akarudi.

"Na hilo shavu, mwenzangu?" Ngedere akaonyesha jino. "Masikini! Ngoja nikuletee karafuu."

"Mm-mm!" Akanyoosha kidole juu ya mti.

Ching'! Kanga akageuka. Nani huyo? Akapanda mtini akiimba:

"Njuga, njuga, uko wapi?
Kobe angoja, mguu mtupu!"

Akapata kiota kitupu. Akarudi. Ngedere akanyoosha kidole mtoni. Ching'! Kanga akatumbukia mtoni akiimba, akatoka kalowa chapachapa, mikono mitupu, na kichwa kinamzunguka. Niliiweka kikapuni au niliota? Au nimeimeza mwenyewe? Msicheke, kanga humeza changarawe. Akajitikisa tumbo, akasikiliza. Kimya.

Twiga huyo, kafika. "Njuga iko wapi?"

Kanga akaangua kilio. "Sijui, bwana tarishi. Hata mimi mwenyewe sijijui nilipo."

"Basi narudi na heshima," Twiga akasema, akageuza shingo.

Kobe akasema, polepole kama kawaida yake, "Mwalimu Kanga, futa machozi. Kama imepotea, imepotea."

"Njuga imepotea, wewe hujapotea," Kanga akajibu. "Vigelegele utapigiwa hivyo hivyo! Walimu, simameni!"

Na desturi ya pale, mwalimu akisifiwa, walimu wenzake wote humpigia kigelegele, mmoja baada ya mmoja. Asiyepiga, kila mtu anajua ana kijicho. Kanga akapiga chake, mabawa yanadondosha maji. Bata akapiga. Zamu ikafika kwa Ngedere.

"Mm," akaonyesha jino.

"Ebo!" akasema Mama Nyumbu. "Tangu lini kigelegele kikapigwa kwa jino? Kinapigwa kwa ulimi, mwalimu!"

Watu wote wakamkodolea macho. Ngedere akatazama kulia, akatazama kushoto. Akafumbua mdomo kidogo tu.

"Lililili-ching'! Ching'-ching'-ching'!"

Akajiziba kwa mikono miwili. Kachelewa! Kamba ya njuga inaning'inia mdomoni kama mkia wa panya.

Kanga akatazama ile kamba. Akatazama kichuguu, akatazama mti, akatazama mto. "Kumbe muda wote nilikuwa nakuuliza wewe?"

Twiga akainamisha shingo ndefu, uso kwa uso. "Mwalimu Ngedere. Tema."

Basi, wajukuu zangu, mwenzenu akisifiwa, mshangilieni kwa moyo mweupe. Kijicho ukikificha shavuni, siku ya vigelegele kitalia chenyewe.

Hadithi yangu nimeifunga kamba hapo. Atakayeifungua, asiseme kaisikia kwangu.