Muziki Uliommeza Mama

Wapendwa, acheni kuangalia saa. Mfano wa leo ni mfupi, na nimeupika mwenyewe. Shule niliiachia darasa la saba, lakini kwa mifano hata wenye digrii huja hapa kuniibia, nawaona.

Alikuwepo binti mmoja anayesomea kutengeneza filamu. Chuoni wakapewa kazi: kila mmoja atengeneze filamu fupi, dakika kumi, ya kusikitisha. Moja tu itachaguliwa kwenda kwenye mashindano ya vyuo. Binti akasema moyoni, hiyo moja ni yangu, wengine wasijisumbue. Akatunga habari ya mjane aliyebeba ndoo ya maji kichwani, anapewa taarifa kwamba mwanawe amefariki, anaanguka na ndoo yake. Na wa kuigiza alimpata wapi? Nyumbani. Mama yake mzazi.

Ikafika siku ya maoni. Desturi yao, mwenye filamu anakaa kwenye kiti mbele, wenzake wanasema, yeye ananyamaza. Kiti hicho mimi nisingekikalia hata mngenibeba. Mama naye alikuja, akakaa mstari wa kwanza, mguu kaunyoosha juu ya kigoda, umefungwa plasta kubwa nyeupe mpaka gotini.

"Pole, mama. Umepatwa na nini?"

"Niliteleza uani, wanangu. Mifupa ya kizee hii."

Filamu ikaanza. Mjane akaja na ndoo, akapewa habari, akaanguka. Lo! Ndoo huku, maji kule, mguu umekunjika chini yake, na muziki ukapanda mpaka madirisha yakatetemeka. Vijana wenye ndevu wakafuta machozi kwa mikono ya mashati. Taa zikawashwa.

"Dada, umetuua!"

"Mama apewe tuzo yake! Anaanguka kama kweli vile!"

Binti pale kitini alishajiona yuko jukwaani anakabidhiwa kikombe. Ndipo msichana mmoja mpole, wa mstari wa nyuma, akanyoosha mkono.

"Mwenzangu, filamu ni nzuri. Ila pale mama anapoanguka, punguza muziki. Anasema kitu, hatukisikii."

Binti akasahau kwamba hatakiwi kujibu. "Hasemi kitu. Analia tu."

"Kulia gani huko midomo inafunga na kufunguka? Yule anaongea. Muziki umemmeza."

"Wewe kila filamu lazima uikosoe! Yako ya juzi tulilala wote, mpaka mashine ya kuonyeshea!"

Watu wakaangua kicheko. Mwalimu hakucheka. "Rudisha pale," akasema. "Zima muziki tusikie."

"Mwalimu, hauzimiki. Umeshagandana na picha."

"Kompyuta uliyotengenezea si hiyo mapajani kwako? Muziki umekaa peke yake na sauti ya mama imekaa peke yake. Nilikufundisha mimi mwenyewe. Fungua."

Mmewahi kuona mtu aliyekalia siafu na hathubutu kuinuka? Basi ndivyo. Kidole kiko juu ya kitufe, hakishuki. Maana siku ile ya kupiga picha, mama alianguka mara nane, na mara zote nane alianguka kama mtu anayekaa mkekani. Ndoo nane za maji zikamwagika palepale. Mara ya tisa hakuigiza. Tope lilimchukua. Binti alilijua hilo. Akikataa kufungua, filamu haichaguliwi. Na akifungua?

Akamtazama mama yake. Mama akatabasamu. "Fungua tu, mwanangu. Wenzio wasikie. Hakuna la aibu hapo."

Kidole kikashuka.

Picha ileile, mama chini, ila sasa hakuna muziki. Sauti yake ikasikika waziwazi: "Mwanangu, weka chini hiyo kamera. Mguu wangu! Njoo uniinue." Halafu ikaja sauti nyingine, ya chini, ya mtu aliye karibu kabisa na kamera, anajinong'oneza mwenyewe: "Ameumia kweli. Usizime. Subiri kidogo, usizime."



Mwalimu akamgeukia mama. "Mama, una maoni?"

Mama alikuwa anautazama ule mguu wake. "Sina, mwalimu," akasema. "Ila aliniambia hakunisikia. Wiki tatu hizi majirani wanamsema, na mimi namtetea. Nawaambia, mwanangu hakunisikia."

Najua mnataka kuuliza kama filamu ilichaguliwa. Sijui! Mfano ni wangu na hapo nimeufunga.

Ila sisi, wapendwa. Sisi hatuna kamera. Sisi tuna spika nne kubwa, na aliyehangaika mpaka zikaletwa ni mimi, sifa zangu nazitaka. Jumapili iliyopita tuliimba mpaka bati likalia. Mgeni aliyepita barabarani alisema, kanisa lile limejaa upako. Na katikati ya wimbo ule, mtu mmoja kwenye mabenchi haya alifumbua mdomo, akasema kitu ambacho si maneno ya wimbo. Niliiona midomo yake kutoka hapa madhabahuni. Nikafanya nini? Nilimpungia mkono fundi wetu wa mitambo: ongeza.

Ndiyo, mimi huyu. Mlidhani namsema binti wa watu?

Na nyinyi msijifiche nyuma yangu, maana aliyekaa kushoto kwake alimwona, na aliyekaa kulia kwake alimwona. Tulipokutana nje tukapeana mikono, tukasema, leo ibada ilikuwa tamu. Tunaposifiwa tunasogeza kiti karibu tusikie. Akitokea mmoja akasema punguzeni, tunamwita mtafuta kasoro. Na yule aliyeita amerudi nyumbani kwake, anatutetea. Anasema, hawakunisikia.

Fundi, zima. Zima zote nne. Leo hatufungi kwa wimbo. Kila mmoja amgeukie aliye kando yake, amtazame usoni, amuulize: ulikuwa unasema nini?