Kiboko na Nyungo Tano za Mshahara

Nawaita, mpo?

Tupo.

Masikio mmekuja nayo?

Tumekuja nayo.

Na matumbo?

Yana njaa.

Basi yaambieni yasubiri, maana chakula kimo ndani ya hadithi yangu, lakini hakiliwi mpaka filimbi ya mwisho.

Hapo kale wanyama walikuwa na ligi yao ya mpira, kila timu wachezaji watano. Timu za matajiri zilikuwa zikinunua wachezaji wote wazuri, kwa hiyo mwenyekiti wa ligi, mzee Tembo, akaweka kikomo. Alisema mshahara wa timu ni kihenge kimoja cha mtama kwa msimu mzima, usizidi hata punje. Namna ya kuugawa, mtajua wenyewe.

Timu ya Bondeni ilikuwa na Kobe golikipa, Ngiri beki, Kanga winga na Nguchiro kiungo. Mbele kabisa alisimama Kiboko, mshambuliaji na nahodha. Mechi ya mwisho walipangiwa na Nyumbu wa ng'ambo ya mto. Wakifungwa, wanashushwa daraja na mtama wote unarudi kwa Tembo. Na kiangazi kilikuwa kimeshaingia. Majani yamekauka, wadudu hawaonekani, na vifaranga wa Kanga wanalia tangu alfajiri, piyo piyo piyo. Bila mtama wa mama yao, wale watoto hawaioni mvua.

Asubuhi ya mechi mtama ukamiminwa kwenye nyungo tano, mbele ya Tembo. Desturi ya ligi ilikuwa hivi: kila nafasi ya uwanjani ina ungo wake. Unaupokea asubuhi, unaula mechi ikiisha.

Kobe akanyoosha mkono. Kiboko akaachama, aaap, meno yote nje.

"Ungo wa golikipa ni wangu," akasema. "Unadaka nini wewe? Mimi ndiye ninayeogopwa."

Kobe akarudisha kichwa ndani.

Ngiri akanyoosha mkono. Kiboko akaachama, aaap.

"Ungo wa beki ni wangu. Unazuia nini wewe? Mimi ndiye ninayeogopwa."

Kanga akanyoosha bawa. Kiboko akaachama, aaap.

"Ungo wa winga ni wangu. Krosi zako anazifunga nani?"

"Nahodha, nina watoto," Kanga akasema.

"Na mimi nina tumbo."

Ukabaki ungo wa Nguchiro. Huyu Nguchiro ukimsimamisha kando ya Kiboko hafiki gotini. Akautazama ungo wake, akameza mate. Kisha akausukuma, suu, mpaka miguuni pa Kiboko.

"Chukua na huu, nahodha. Nikibaki nao nitakuwa nakudhulumu."

Kanga akamtazama asiamini macho yake.

"Mzee Tembo," Nguchiro akaendelea kwa unyenyekevu, "ili baadaye wasije wakamsumbua nahodha, hebu tuwekane sawa. Aliyepokea ungo wa nafasi, nafasi ni yake?"

"Ni yake," akasema Tembo. "Hakuna mwingine wa kuicheza, mpaka mwenyewe aurudishe ungo kwa kinywa chake."

"Nahodha, nyungo umezipokea?" Nguchiro akauliza.

"Nimezipokea zote," Kiboko akasema, akacheka hadi tumbo likatikisika. Alidhani anaheshimiwa.

Jua likafika utosini. Refa Korongo akapuliza, priiii. Nyumbu watano wakaingia. Kwa Bondeni akaingia Kiboko. Akageuka nyuma, akawaona wenzake wamekaa kwenye nyasi.

"Ingieni," akasema.

"Tuingie nafasi ya nani?" Nguchiro akauliza. "Zote ni zako, nahodha."

Kiboko akawadharau. Akakimbia na mpira, gubu gubu gubu. Nyumbu wakampokonya. Akarudi golini, gubu gubu gubu, akachelewa. Pwa, wavuni. Moja bila.

"Umewamaliza wanangu," Kanga akasema. "Mtama umempa yeye, na sasa tunashushwa daraja."

"Bado," Nguchiro akasema.

"Bado nini?"

Hata Nguchiro mwenyewe hakuwa na uhakika. Alikuwa akiitazama ngozi ya Kiboko tu. Ngozi ile mnaijua, imezoea maji. Ikikaa juani inapasuka kama tope la bwawa lililokauka.

Pwa. Mbili bila. Kiboko akayumba, jasho jekundu likimtoka mgongoni.

"Ingieni, au nitawakanyaga."

"Ukitukanyaga refa anakutoa," Nguchiro akasema, "na Bondeni inabaki bila mtu hata mmoja."

Kiboko akautazama mto. Akazitazama nyungo. Akautazama mto tena.

"Ungo wa golikipa, chukueni."

"Mzee Tembo, umesikia?"

"Nimesikia."

Kobe akaingia, akajilaza golini. Mpira ukamgonga gambani, ko, ukarudi ulikotoka.

Gubu gubu gubu. "Ungo wa beki, chukueni."

"Mzee Tembo, umesikia?"

"Nimesikia."

Ngiri akaingia, Nyumbu wakaanza kuangalia wanapokanyaga.

Gubu, gubu. "Ungo wa winga, chukueni."

Kanga hakungoja Tembo aulizwe. Akapita pembeni, frrr, akapiga mwenyewe, pwa. Mbili moja. Akarudi mbio hadi kwa Nguchiro.

"Ingia na wewe. Korongo anatazama jua, muda unaisha."

"Ungo wangu uko kwake."

"Cheza bure leo tu. Nakuomba."

Nguchiro akakaa. Hapa kila nikisimulia huwa namkasirikia, kwa maana neno moja tu kwa Kiboko, "Urudishe, jioni nitakupa tena," lingewaokoa wale watoto, naye hakulisema.

"Wako sikupi," Kiboko akasema, akihema. "Wewe ndiye uliyeniingiza katika haya."

Ngozi ikapasuka, taa. Korongo akaipeleka filimbi mdomoni. Kiboko akafumba macho.

"Chukua wako. Chukua na wa mshambuliaji. Niacheni niende."

"Mzee Tembo, umesikia?"

"Nimesikia."

Kiboko akajitupa mtoni, chubwi. Nguchiro akachomoka nyasini, akapita chini ya tumbo la Nyumbu wa kwanza, akapita chini ya tumbo la wa pili. Pwa. Priiii. Mbili mbili. Hawakufungwa.

Jioni kila mmoja akauchukua ungo wake. Nguchiro akauchukua wake, kisha akauvuta na ule wa mshambuliaji.

"Na huo?" Kanga akauliza.

"Nimecheza nafasi mbili."

"Ulikuwa tayari wanangu wafe kwa ajili ya huo."

"Hawakufa, mama."

"Na hiyo ndiyo haki?"

"Ndiyo sheria," Nguchiro akasema, akaenda zake akiburuta nyungo mbili, suu, suu. Kanga hakumuaga. Alikuwa na vifaranga wa kulisha.

Hapo hadithi yangu nimeitua chini. Anayeitaka na aibebe, mimi mabega yamechoka.

Na funzo lake ni hili: kila mchezaji aridhike na anachopewa na nahodha wake, na ujanja haujawahi kumlipa mtu. Kiboko mwenyewe ameniagiza niwaambie hivyo, na mimi nachota maji mto uleule.