Gia ya Tano ya Silvano

Waliosema usisafirie nyota ya mwenzio walikuwa watu wa safari. Kabla ya kufunga mizigo, kila mmoja aliangaliwa nyota yake kwanza, maana siku iliyo njema kwa huyu yaweza kuwa ya mikosi kwa yule. Siku hizi hatuangaliwi nyota tena, tunaangaliana wenyewe. Jirani akipaka nyumba rangi, nasi tunauza mbuzi tupake. Silvano, dereva wa Dodoma, alikuwa mmoja wetu, na kilichomponza ni giaboksi.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, biashara ilipofunguliwa na vitu vilivyokuwa vikitafutwa kwa kibali vikaanza kurundikwa barazani kama viazi. Silvano alikuwa na Pijo ya dizeli yenye mgongo mrefu, gari lililokwisha kula chumvi nyingi. Injini ilikuwa bado nzima, lakini giaboksi ilikuwa imechoka. Gia ya pili iliruka kila mlima, ikabidi Silvano aushikilie mpini kwa goti huku mikono ikihangaika na usukani.

Kila wiki, siku ya mnada, gari hilo lilimpeleka Kondoa mama mmoja mchuuzi wa mitumba, Batuli, pamoja na marobota yake manne. Safari hiyo ndiyo iliyolisha nyumba ya Silvano. Nyingine zilikuwa za bahati tu. Na Batuli hakuwa mtu wa kumung'unya maneno.

"Kaka Silvano, mnada haunisubiri," alimwambia. "Tengeneza gari. Siku utakayonilaza njiani nitatafuta mwingine, na usije ukaninunia."

"Sitanuna, dada Batuli. Wiki hii natafuta giaboksi nyingine."

Basi angetafuta giaboksi tu, mambo yangeisha. Lakini moyoni mwake alikuwamo mtu, na mtu huyo aliitwa Optatus.

Zamani Optatus alikuwa utingo wake. Miaka minne walitembea pamoja kwenye lori la mizigo, Silvano kwenye usukani, Optatus juu ya magunia. Ni Silvano aliyemfundisha kukanyaga klachi na kusikiliza injini. Leo Optatus huyo huyo alikuwa na Pijo kama yake, nyeupe pe, iliyofungwa giaboksi ya gia tano, na alikuwa akichukua watumishi wa ofisini hadi Morogoro, watu wanne na mikoba yao, lami mwanzo mwisho. Kila walipokutana, Optatus aliinama kidogo: "Shikamoo, kaka Silvano." Shikamoo hiyo ilimchoma Silvano kuliko tusi. Aliona anachekwa.

Siku moja mkewe, Elieth, alirudi kutoka msibani Gairo. Alikuwa amepewa lifti na Optatus.

"Baba Gaudence, gari lile!" alisema, hata kitenge hajakifungua. "Akibadili gia hujui kama amebadili. Ukishika kikombe cha chai hakimwagiki."

"Ungebaki humo basi," Silvano alimjibu.

"Ebo! Nimesema nini tena?"

Hakuwa amesema kitu. Lakini usiku ule Silvano alikula ugali bila kujua ulikuwa na mboga gani. Kilichokuwa kikimla moyoni kilikuwa na jina moja: gia tano.

Asubuhi alikwenda dukani kwa Mzee Ebrahim, muuza spea kuukuu karibu na stendi. Mzee huyu alikuwa na mtindo wake. Hakumuuzia mtu giaboksi mpaka alione gari lenyewe kwanza. Aliitikia shikamoo, akamwacha Silvano na maelezo yake, akachuchumaa nyuma ya gurudumu na kukwangua matope makavu kwa ukucha. Kisha akazibonyeza springi.

"Vumbi jekundu, na springi zimelala," alisema. "Kondoa, tena na mzigo. Njoo."

Chini ya meza kulikuwa na giaboksi nyeusi iliyoganda grisi kama sufuria ya makande. Mzee Ebrahim aliifungua skrubu ya chini, akaacha matone ya oili yadondoke kiganjani, akayasugua kwa kidole gumba.

"Tazama. Hakuna unga wa chuma. Hii imetoka kwenye pikapu ya dizeli iliyobeba magunia maisha yake yote." Akaishika shafti na kuitikisa. "Haichezi. Meno mapana. Na urefu ni ule ule wa kwako, fundi hakati kitu. Gia ya kwanza yake ni fupi, itakutoa shimoni na mzigo wako."

"Ina gia ngapi?"

"Nne."

"Gia tano huna?"

Mzee alipumua kwa pua. "Ninayo. Imetoka kwenye gari dogo la petroli. Ni nzima, sina la kuificha, lakini meno yake membamba. Kwa lami na watu wanne utaifurahia miaka. Dizeli inasukuma kwa nguvu, Silvano. Ukiongeza mchanga na marobota, itakuaibisha."

"Optatus anatumia gia tano."

"Optatus anakwenda Morogoro."

"Kwa hiyo mimi ni mtu wa gia nne mpaka kufa?" Sauti ilimtoka kali, wateja wengine wakageuka. "Mzee, unauza spea au unauza ushauri?"

"Ushauri natoa bure," Mzee Ebrahim alisema, akijifuta mikono. "Ndiyo maana hamuutaki."

Thubutu! Mwenye kijicho hasikii la muadhini wala la mteka maji msikitini. Silvano alibeba ile ya gia tano. Fundi Eliakimu aliposema itabidi propela shafti, ule mhimili mrefu unaozungusha magurudumu ya nyuma, ikatwe na kuchomelewa upya, alimwambia akate. Fundi akakuna kichwa, akakata.

Wiki ya kwanza Silvano alikuwa mfalme. Hata asipokuwa na safari alijitafutia, mradi apite lami ya mbele ya maegesho ya Optatus. Hapo alitia gia ya tano hata pasipostahili, gari likateleza huku likinguruma kwa chini.

"Shikamoo, kaka!" Optatus alimpungia mkono siku moja. "Gari linaimba!"

"Marahaba. Mlidhani mnajua kuimba peke yenu?"

Alicheka njia nzima mpaka nyumbani. Kusema kweli, hata safari mbili za kwanza za Kondoa zilikwenda, ingawa kwenye makorongo ya mchanga gia ya kwanza ilikuwa ndefu mno. Ilimbidi aikanyage klachi nusu na kuipapasa injini ili isizime. Safari ya tatu ilianza sauti ya chini chini, kama mtu anasaga mtama kwa jiwe. Silvano aliongeza sauti ya redio.

"Kaka, hiyo ni redio au ni gari?" Batuli aliuliza.

"Ni redio, dada. Betri."

Safari ya nne walitoka Dodoma alfajiri. Jua liliwakuta wameipita Haneti, mbele yao korongo la mchanga na kilima kinachoanzia ukingoni. Marobota yalikuwa yamelilaza gari nyuma. Silvano alilivuka korongo kwa shida, akakipanda kilima, na katikati ya kilima gari likaanza kuchoka. Akarudisha gia ya kwanza.

Kra!

Injini ilipiga kelele, magurudumu yakatulia. Silvano aliweka jiwe nyuma ya tairi, akalala chini kutazama. Oili ilikuwa ikidondoka juu ya vumbi, na ndani ya oili mlikuwa na vipande vya meno ya chuma vinavyometa. Alikiokota kimoja. Kilikuwa chembamba kama punje ya mchele. Akakitia mfukoni.

"Tunafika au hatufiki?" Batuli aliuliza. Hakupandisha sauti, na hilo lilimtisha Silvano zaidi.

Silvano alisimama akitazama walikotoka, akiomba lori, trekta, hata mkokoteni wa ng'ombe. Vumbi lilipoinuka ng'ambo ya korongo aliinua mkono kwa furaha. Kisha akaliona gari. Lilikuwa Pijo, nyeupe pe. Mungu wangu, yeyote lakini si huyu!

Optatus alilivuka korongo polepole, akaanza kupanda. Hakusimama. Aliwapita pale pale katikati ya kilima kwa mwendo wa mtu anayetembea, injini ikivuta bila papara, na Silvano akadhani anakwenda kuwacheka kule mbele. Lakini Optatus alisimama juu kabisa penye tambarare, kama alivyofundishwa kutosimamisha gari kwenye mpando, akashuka kwa miguu.

"Shikamoo, kaka. Poleni sana. Dada, pole."

"Marahaba," Silvano alijibu. "Huku umepotea njia?"

"Morogoro imekufa, kaka. Yamekuja mabasi makubwa, nauli ya bei ya karanga, abiria wote wamehamia huko. Nimeona nijaribu Kondoa. Ndiyo safari yangu ya pili."

Batuli alikuwa amekwisha kulifungua gari nyuma. "Kijana, una nafasi?"

"Nina abiria wawili tu, dada."

Marobota yalipaswa kubebwa mpaka juu, na Silvano hangeweza kukaa akatazama. Alijitwika moja mgongoni, akapanda nalo kilima, jasho likimwingia machoni. Alipolitua nyuma ya ile Pijo nyeupe aliinamia ndani kulisukuma, na macho yake yakaangukia mpini wa gia. Kwenye kichwa cha mpini namba ziliishia nne.

"Ile gia tano yako iko wapi?"

"Niliitoa. Ya nini kwenye mchanga huu? Hii nimeikuta kwa Mzee Ebrahim, chini ya meza. Aliniambia kuna mtu aliikataa." Optatus alicheka. "Nikasema huyo mtu hakuwahi kufundishwa na kaka Silvano."

"Kufundishwa nini?"

"Umesahau? Tulikwama na lori la mtama, Gulwe kule. Ulinigonga kichwani ukaniambia, 'Wewe, gia huchaguliwa na barabara, haichaguliwi na dereva.' Mimi sijasahau."

Silvano alimtazama usoni akitafuta dhihaka. Hapakuwa na dhihaka. Miaka yote alikuwa akiamkiwa shikamoo ya kweli.

Batuli alipanda mbele, kwenye kiti kama kile alichokikalia miaka mitatu ndani ya gari la Silvano. Alichungulia dirishani.

"Kaka Silvano, tulikubaliana."

"Tulikubaliana, dada."

"Basi usinune."

"Nikirudi jioni nitakuvuta hadi mjini, kaka," Optatus alisema, akawasha gari.

Silvano alibaki kwenye kilima na gari lake. Alisikiliza ile Pijo ikiondoka: gia ya kwanza, kisha ya pili, kisha ya tatu, bila kukwaruza, kila moja kwa wakati wake, vile vile alivyomzoesha kijana yule. Giaboksi ilikuwa ni yake kwa haki, ikaletwa mpaka miguuni pake, akaikataa. Njia ilikuwa yake, na mteja pia. Hata fundisho lililomwokoa mwenzake lilikuwa lake. Alikaa juu ya jiwe, akatia mkono mfukoni. Lile jino la chuma lilikuwa bado humo, na hapakuwa na wa kumlaumu ila mwenyewe, maana tangu utotoni alikuwa ameambiwa: usisafirie nyota ya mwenzio.