Kwa Nini Wachezaji wa Barafuni Hutupa Magongo na Kutwangana Ngumi

Mnaposhangilia vijana wawili wakitwangana ngumi katika mchezo wa magongo juu ya barafu, mwamuzi kasimama kando anawatazama tu, mnadhani mchezo ulizaliwa hivyo. Haukuzaliwa hivyo. Tulieni niwaambie, maana hasira ninayo na leo sitaificha.

Enzi hizo mlima wetu ulikuwa na barafu mpaka kwenye malisho, na koo mbili zilicheza magongo juu ya bwawa lililoganda. Walijifunga mifupa ya ng'ombe chini ya nyayo, wakateleza, wakakikimbiza kisahani cha mti. Hakuna aliyepigana. Mchezaji akimkosea mwenzake, mwamuzi alimketisha juu ya jiwe mpaka chungu cha maji kichemke, basi, yakaisha.

Katika ukoo wa juu alikuwako Ndesario. Jamani, yule kijana alijua kucheza! Mdogo wake, Kiwia, alikuwa mwembamba na mwepesi kuliko wote, na mama yao alimwambia Ndesario neno moja tu: "Mwangalie mdogo wako." Ndesario akaahidi. Hakutaka kitu kingine duniani ila kucheza bega kwa bega na Kiwia.

Siku ya mchezo wa mavuno, watu wa ukoo wa chini wakaona hawamwezi Kiwia kwa mbio. Wakaanza kumpiga magongo ya miguu. Mwamuzi, Mzee Mafole, akajifanya haoni, kwa kuwa binti yake alikuwa ameolewa huko chini. Gongo la tatu likampasua Kiwia paji la uso. Ndesario alipoiona damu ya mdogo wake akapandwa na mori. Akalitupa gongo lake, asije akaua mtu, akamkamata aliyempiga na kumshindilia ngumi hadi akalala chini.

Watazamaji wote wakasimama. Wakapiga vigelegele! Aibu iliyoje. Mzee Mafole alijua kosa lilikuwa lake, lakini kukiri mbele ya watu kulimshinda. Akatamka: "Aliyetupa gongo akapigana kwa mikono mitupu hana kosa kubwa. Akae jiweni mpaka chungu kichemke, kisha arudi." Alitaka kuifunika aibu ya siku moja tu.

Mchezo uliofuata, ukoo wa chini wakaja na pande la mtu lisilojua hata kuteleza sawasawa. Kazi yake ilikuwa ngumi. Wazee wa ukoo wa juu wakamwita Ndesario.

"Mwanetu, kisahani waachie wenzako. Wewe tulindie Kiwia."

"Wazee wangu, mimi ni mchezaji," akasema. "Niacheni nicheze."

"Na mdogo wako atalindwa na nani?"

Ndesario akaikumbuka ahadi aliyompa mama yake, akakubali.

Miaka saba Ndesario hakugusa kisahani. Alipigana, akaketi jiweni, akamtazama Kiwia akifunga mabao, akainuka, akapigana tena. Vidole vyake vilivunjika, vikaunga upande. Kisha, kwa ngumi nyingi za kichwa, akili ikaanza kuyumba. Akasahau njia ya nyumbani, akasahau jina la mama yake mzazi, na mama akawa anamlisha uji huku analia. Watazamaji je? Wao waliuliza tu atarudi lini.

Hakurudi. Wazee wakamwita Kiwia, yuleyule aliyelindwa miaka yote, wakampa kazi ya kaka yake. Siku hiyo Ndesario aliketishwa pembeni mwa bwawa, kafunikwa ngozi mabegani. Akamwona Kiwia akitupa gongo na kukunja ngumi mbele ya lile pande la mtu. Akili ikamrudia kidogo, kiasi cha kumuumiza.

"Kiwia, okota gongo!" akalia. "Cheza, mdogo wangu! Wewe cheza!"

Lakini watu walikwisha kusimama, wanashangilia, na Kiwia hakumsikia. Ngumi ya kwanza ikamwangusha chali.

Na tangu siku hiyo, wachezaji wa barafuni hutupa magongo kwanza ndipo wakapigana. Mwamuzi husubiri mmoja aanguke. Wote wawili huketishwa kando kwa kitambo, kisha hurudishwa uwanjani, na kila timu huwa na mtu wake wa kuumizwa kwa niaba ya wengine. Nimewaambia yote, na mmesikia. Hata hivyo najua kesho ngumi zikianza mtasimama.