Mikono ya Siwema

Hapo zamani, wala si zamani sana, maana fomu ya kisa hiki bado imo kabatini, palikuwa na chuo cha sanaa, na chuoni palikuwa na msichana aitwaye Siwema aliyeshindwa kuchora mikono. Watu wote aliowachora walitia mikono mifukoni. Wasio na mifuko aliwafunika kanga.

Akamwendea mwalimu wake, Mwalimu Shekivuli. "Mwalimu, mikono inachorwaje?"

"Muhula huu ni wa kujisomea," mwalimu akasema, akigeuza gazeti. "Jifunze."

Mwezi wa pili akarudi. "Mwalimu, mikono."

"Jifunze."

Mwezi wa tatu mwalimu akawatazama wale watu wenye mikono mifukoni, akasema huo ni mtindo, akampa themanini kwa mia. Siwema akalia, kwa sababu alijua anadanganywa.

Nje ya lango la chuo alikaa Bi Mwanaidi, msuka mikeka. Siwema akaketi mbele yake, akaichora mikono ya bibi huyo. Bi Mwanaidi akaitazama karatasi.

"Mwanangu, mkono huu hauwezi hata kushika kijiko. Chora tena."

Kesho yake akachora. "Chora tena." Kesho kutwa akachora. "Chora tena." Siku ya arobaini bibi akachoka, akamtia mkononi ukili wa mkeka. "Suka. Ukiumia ndipo utajua kidole gumba kinavuta wapi."

Siwema akasuka mpaka vidole vikavimba. Akavichora vimevimba hivyo hivyo. Akafuta, akachora, akafuta, mwaka ukaisha.

Picha ya mwisho ilikuwa mikono miwili ikisuka, na waliokuja kuiona waliwaita wenzao waje waione. Chuo kikaleta fomu: picha itatundikwa ukumbini, na chini yake jina la aliyemfundisha. Nafasi ni ya jina moja. Bila fomu, hakuna cheti.

"Andika Shekivuli," mwalimu akasema. "Ningekufundisha, ungechora kama mimi. Na unajua mimi nachoraje." Siwema alijua. "Nimejizuia mwaka mzima nisikuharibu. Wadhani ni kazi ndogo? Tena fomu naisaini mimi."

Bi Mwanaidi, ambaye Siwema alimleta kutoka langoni, akasema, "Mambo ya chuo mimi siyajui. Ila makosa yako nani aliyaona? Na mikono hiyo ni ya nani? Miaka hamsini nasuka. Mikeka yangu imekaliwa na maharusi, imelaziwa maiti, na hata mmoja hauna jina langu. Na hapo pia nikose?"

Siwema akavitazama vidole vyake. "Na mimi je? Nimechora mara mia mbili. Nikiandika Siwema?"

Mkuu wa chuo, aliyekuwa amesimama mlangoni, akashtuka. "Binti, usituue. Mzazi akisoma kwamba ulijifundisha mwenyewe, nani tena ataleta mwanawe hapa?"

Basi Siwema akainama, akaandika jina moja. Mwalimu Shekivuli akaichungulia fomu, akakohoa, akasaini. Bi Mwanaidi, ambaye hajui kusoma, akasogea karibu, akaweka kidole chake kilichopinda juu ya wino ambao haujakauka.

"Nisomee, mwanangu," akasema. "Umemwandika nani?"

Enyi mliokaa hapa mkinisikiliza, nafasi ile ya jina moja ilikuwa haki ya nani? Na bibi huyu, kidole chake kikiwa bado juu ya wino, asomewe jina gani?